Uzuri na Urembo

Mwanafunzi anayejifunza Kiingereza hukutana mapema na maneno mawili yanayomsumbua: "beautiful" na "pretty". Kamusi humwambia kwamba yote mawili yana maana ya kupendeza, naye huondoka akiamini kuwa ni mapacha. Kisha mwalimu humsahihisha. Humwambia kwamba mlima mrefu wenye theluji ni "beautiful", bali ua dogo la kando ya njia ni "pretty". La kwanza lina uzito, la pili lina wepesi. Mwanafunzi hukariri, lakini kukariri si kuelewa, na baada ya mwezi mmoja huyachanganya tena.

Katika insha hii nataka tufuate njia nyingine, msomaji wangu. Badala ya kuuliza kwanza maneno haya hutumiwaje, tutauliza yametoka wapi, kwa kuwa maneno yana nasaba kama watu walivyo nayo. Kisha tutayatazama maneno mawili ya lugha yetu wenyewe yanayokaribiana nayo sana, yaani uzuri na urembo. Mwisho tutatembea hadi Soko la Kenyatta mjini Nairobi, mahali ambapo neno la pili ni kazi ya watu na riziki yao ya kila siku. Utaona kwamba jambo hili linaloonekana dogo limewahi kufikishwa mbele ya serikali na mbele ya mahakama, na kwamba linakuhusu wewe unayesoma, hata ukiwa umeketi darasani umenyoa kichwa.

Tuanze na Kiingereza. Neno "beautiful" ni mgeni katika lugha hiyo. Shina lake lilitoka katika Kifaransa, lugha iliyoingia kwa nguvu baada ya Wanormani kuvuka bahari na kuiteka Uingereza mwaka wa 1066. Asili yake ya mbali zaidi ni neno la Kilatini "bellus", na wataalamu wa lugha hutuonyesha kwamba "bellus" lenyewe lilichipuka katika shina moja na "bonus", neno lililokuwa na maana ya -ema. Basi katika mizizi ya neno hili pana wema. "Pretty", kwa upande wake, ni mwenyeji. Kiingereza cha kale kilikuwa na neno "prættig", na mtu aliyeitwa hivyo hakusifiwa kwa sura yake, bali alitajwa kwa ujanja na hila. Karne zilipopita, ujanja uligeuka ustadi, ustadi ukageuka unadhifu, na unadhifu ukageuka sura ya kupendeza. Basi neno la kwanza lilizaliwa katika wema, na la pili lilizaliwa katika werevu. Ndiyo sababu hata leo moja ni zito na jingine ni jepesi: kila moja lingali limebeba kidogo cha alichokuwa nacho babu yake.

Sasa tazama lugha yetu. Tunaposema -zuri, twasema mambo mawili kwa pamoja. Twasema msichana mzuri, mandhari nzuri, sauti nzuri. Lakini twasema pia habari nzuri, hewa nzuri, chai nzuri na wazo zuri. Hapana macho yanayoweza kuliona wazo, walakini twaliita zuri na kila mtu hutuelewa. Kwa hiyo uzuri, katika Kiswahili, ni hali ya kitu kuwa kama kipasavyo kuwa. Wala si sisi peke yetu tunaofikiri hivyo. Jirani zetu Wajaluo husema "ber" kwa maana ya wema na ubora, na msichana wa kupendeza humwita "jaber". Waluo na Warumi hawakukutana ili wafundishane lugha, lakini wote wawili waliutafuta uzuri na kuukuta umeketi karibu na wema.

Neno urembo lina nasaba nyingine. Huzaliwa na kitenzi kuremba, ambacho ni kupamba, kutia nakshi, kuchora kitu ili kipendeze. Pamba huzaa pambo, tenda huzaa tendo. Vivyo hivyo remba huzaa rembo na urembo. Hapa pana tofauti kubwa ambayo ningependa uishike. Urembo una kitenzi, uzuri hauna. Waweza kujiremba, waweza kumremba mwenzako, fundi aweza kuuremba mlango. Lakini hapana kitenzi cha uzuri ambacho mtu angekitenda asubuhi mbele ya kioo. Uzuri huwa, urembo hufanywa. Ndiyo maana hatusemi habari rembo, wala hewa rembo, wala chai rembo. Hakuna mkono wa mtu uliopita juu ya hewa ukaichora.

Usidhani kwamba nimeitunga tofauti hii ili kuipendezesha insha. Mwaka wa 1903 A. C. Madan alitoa kamusi yake ya Kiswahili na Kiingereza. Mwaka wa 1928 mkutano uliofanywa Mombasa ulikubali kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu. Mwaka wa 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki. Na mwaka wa 1939 ikachapwa kamusi iliyosimamiwa na Frederick Johnson, ambayo ilijengwa juu ya kazi ya Madan. Katika kamusi hizo kuremba kumewekwa upande wa kupamba na kutia nakshi, yaani upande wa kazi. Kwa mababu zetu wa pwani, mrembo alikuwa kwanza mtu aliyejipamba, kabla ya kuwa mtu aliyezaliwa na sura ya kuvutia.

Methali nayo ni shahidi. Wazee husema: Uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Mkakasi ni kikasha cha mti chenye kifuniko, kilichopakwa rangi za kupendeza. Kikilowa, rangi hutoka na mti mtupu hubaki. Tazama jinsi wazee walivyolichagua neno lao kwa dhihaka. Wameliita jambo hilo uzuri, hali wakijua kuwa ni rangi tu, ili wamcheke yule aliyeudhania urembo kuwa uzuri. Hawakuulaumu mkakasi kwa kupakwa rangi. Kikasha kupakwa rangi si kosa. Kosa ni la mnunuzi aliyeinunua rangi akidhani ananunua mti.

Urembo wa zamani ulikuwa kazi ya heshima na ulikuwa na vyombo vyake. Katika miji ya pwani, toka Lamu hadi Unguja, wanawake walisugua liwa juu ya jiwe la msio, wakatia wanja machoni, wakachora hina na piko mikononi na miguuni mwa bibi arusi, wakafunga vikuba vya asumini na rehani, wakavaa vipini puani na majasi masikioni. Mtu aliyeijua lugha ya mapambo hayo aliweza kuyasoma. Alijua nani ameolewa karibuni na nani yumo katika msiba, kwa kuwa mwenye msiba huacha kujipamba. Hivyo urembo ulikuwa maandishi kabla ya kuwa anasa.

Bara nako kulikuwa na maandishi yake. Mahali uliposimama mji wa Nairobi leo palikuwa malisho ya Wamaasai, nao ndio walioupa mto wake jina la maji baridi. Katika desturi yao vijana wa kiume, yaani morani, ndio waliofuga nywele ndefu, wakazisuka kwa ustadi na kuzipaka mafuta na udongo mwekundu; na wanawake ndio walionyoa vichwa na kuvaa shanga. Siku ya sherehe ya eunoto, moran anapoaga ujana wake wa vita, mama yake humnyoa nywele alizozitunza kwa miaka mingi. Fikiri jambo hilo vizuri. Katika ardhi ile ile ambayo leo msichana huketi saa kadhaa ili asukwe, mwanamke mwenye kichwa kilichonyolewa alihesabiwa kuwa amependeza kwa ukamilifu. Nywele ni zile zile za Kiafrika na jua ni lile lile. Kilichobadilika ni mkono na mapatano ya watu. Nani basi atasema kwamba uzuri wa mwanamke umo katika urefu wa nywele zake?

Reli iliyotoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka wa 1899, na mji ukaota haraka. Watu wa pwani walikuja na kanga zao na hina yao. Askari Wanubi walipewa makao katika msitu upande wa kusini magharibi, wakauita Kibra, yaani msitu kwa lugha yao. Watu wa bara walikuja kutafuta mshahara, na kila mmoja alikuja na urembo wa kwao. Miongoni mwao alikuwamo kijana mmoja wa Kikuyu aliyebatizwa kwa jina la Johnstone Kamau, ambaye alifanya kazi katika idara ya maji ya mji. Alipenda kuvaa mkanda uliotiwa shanga, na inasimuliwa kwamba katika mkanda huo ndimo alimopata jina lake jipya: Kenyatta. Mwaka wa 1938 alitoa kitabu chake juu ya maisha ya Wakikuyu akitumia jina la Jomo Kenyatta, na baada ya Kenya kupata Uhuru tarehe 12 Desemba 1963, jina hilo likawa la hospitali, la barabara, la shule na la soko. Kwa hiyo soko tunalokwenda kulitazama lina jina lililoanza kama pambo la kiunoni.

Soko la Kenyatta liko upande wa kusini magharibi wa kitovu cha jiji, jirani na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na si mbali na Kibra. Watu wa Nairobi hulijua kwa mambo mawili. La kwanza ni nyama choma, ambayo moshi wake hukukaribisha kabla hujaona bucha hata moja. La pili ni ususi. Vibanda vya wasusi vimepangana bega kwa bega. Ndani yake mna viti, vioo, chana, na mafungu ya nywele za kuongezea, nyeusi, za kahawia, na nyingine za rangi ambazo hazikupata kuota kichwani mwa binadamu yeyote. Nje husimama wasusi wakiwaita wapitao njia.

Ikiwa hujapata kuitazama kazi hiyo kwa makini, itazame siku moja. Msusi huanza kwa kugawa kichwa kwa ncha ya chana, mstari kwa mstari, nayo hugawa kama mkulima apimaye shamba. Ndiyo maana mitindo mingine huitwa matuta. Akikosea mstari wa kwanza, kosa hilo hufuata hadi kisogoni. Kisha hushika vifungu vitatu, akavipishanisha, akiongeza nywele za bandia kidogo kidogo ili msuko usinenepe ghafla wala usikonde ghafla. Katika Soko la Kenyatta ni desturi kuona wasusi wawili, watatu au zaidi wakikizunguka kichwa kimoja ili mteja amalizwe upesi, na vidole vyao hukubaliana bila amri, kama vidole vya watu wa ngoma moja. Akivuta mno, ngozi ya kichwa huuma. Na yule anayevutwa mno mara kwa mara, mwaka hadi mwaka, huanza kupoteza nywele za kipajini. Kwa hiyo msusi hodari hujua kukaza na hujua pia kulegeza. Lugha yetu humpa heshima yake: kitenzi kusuka anachokitumia ndicho kitumiwacho na afumaye mkeka na aundaye kikapu.

Na kuna kitenzi kingine katika vibanda hivyo ambacho nakuomba ukikumbuke kuliko vyote: kufumua. Baada ya majuma machache msuko hufumuliwa. Nywele za bandia hutupwa, na nywele za mwenyewe hubaki, huoshwa, huchanwa na kupumzishwa. Mwenye kichwa ni yule yule. Hakupungukiwa na kitu, naye aweza kuchagua mtindo mwingine au asichague wowote. Hiyo ndiyo tabia ya urembo ulio salama: waweza kufumuliwa, na chini yake mwenyewe akakutwa mzima.

Sasa sikiliza wito wa msusi: "Mrembo, karibu nikusuke!" Ukipima wito huu kwa maana ya kale utaona umekwenda kinyume. Mteja bado hajasukwa. Kama mrembo ni mtu aliyekwisha kurembwa, basi msusi amemwita kwa jina ambalo hajampa bado! Je, amekosea? La, hakukosea, kwa kuwa neno limehama. Katika Kiswahili cha leo, hasa cha Kenya, mrembo ni mwanamke wa kupendeza, awe amejipamba au hakujipamba. Maneno mawili yaliyotoka katika nyumba mbili yameishi pamoja hata yamefanana. Kiingereza kilifanya vivyo hivyo, neno la werevu likawa neno la sura, wala hapana baraza lililokaa likaamua. Hata hivyo masalio ya maana ya kale yangalipo. Twasema mashindano ya urembo, si mashindano ya uzuri, na ni sawa kabisa, kwa kuwa yanayoshindaniwa pale ni mavazi, mwendo, nywele na rangi za uso, yaani kazi ya mkono.

Lugha kuhama si msiba. Msiba huja watu wanaposahau tofauti ya mambo yenyewe, si ya maneno tu. Anayeudhania urembo kuwa uzuri huweza kupotoka kwa njia mbili, na historia ya nchi zetu imeonyesha zote mbili.

Njia ya kwanza ni kuutaka urembo ufanye kazi ya uzuri. Wakati wa ukoloni, na hata baada yake, watu wengi walifundishwa kwa maneno na kwa picha kwamba nywele nzuri ni zile za singa na kwamba ngozi nzuri ni ile nyeupe. Kipimo kilichotoka kwa watu wengine kiligeuzwa kuwa kipimo cha watu wote. Ndipo yakaja madawa ya kuchubua ngozi, na ule mchanganyiko ambao Watanzania huuita mkorogo. Baadhi ya madawa hayo yana zebaki, ambayo hudhuru figo; mengine huiacha ngozi na mabaka yasiyoondoka. Nchi zetu zimekwisha kupiga marufuku mengi katika hayo, walakini yangali yakiuzwa kwa siri. Kipime kitendo hiki kwa kipimo cha wasusi. Je, chaweza kufumuliwa? Hakiwezi. Hakikuongeza kitu juu ya mtu. Kilijaribu kumwondoa mtu na kuweka mwingine mahali pake. Hicho si urembo tena, ingawa huuzwa kwa jina la urembo.

Msomaji mwerevu atanipinga hapa. Atasema: "Na chale je? Na ndonya za wanawake wa Kimakonde, zilizotobolewa katika mdomo wa juu? Na masikio yaliyopanuliwa hata yakafika mabegani? Hayo nayo hayakufumulika, na mababu zetu waliyafanya." Swali hili ni la haki, wala sitalikimbia. Ni kweli kwamba mengi katika urembo wa kale yalikuwa ya kudumu na yalikuwa na maumivu, na mengine tumeyaacha bila kuyajutia. Lakini tazama yalisema nini. Chale na nembo zilisema: mimi ni wa watu hawa. Zilimwongezea mtu alama ya kwao. Hazikumwambia kwamba ngozi aliyozaliwa nayo ni kosa la kusahihishwa. Neno nembo lingali na kazi hiyo hata leo, kwani twasema nembo ya taifa na nembo ya shule. Kwa hiyo kudumu peke yake si kosa. Kosa ni kudumisha dharau ya nafsi.

Njia ya pili ya kupotoka ni kinyume cha ile ya kwanza, nayo ni kuudhania urembo kuwa uovu, na kumhukumu mtu kwa pambo lake. Mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU nchini Tanzania ulitangaza kampeni iliyoitwa Operesheni Vijana. Toka tarehe 1 Januari 1969 sketi fupi, nywele za bandia za kuvaa, suruali za kubana na madawa ya kuchubua ngozi vilipigwa vita kwa jina la utamaduni wa taifa. Jambo moja katika hayo, lile la madawa, tungeliunga mkono hata leo. Lakini yote yalifungwa katika furushi moja, lililofumulika pamoja na lisilofumulika, na wasichana waliwindwa njiani kwa sababu ya urefu wa sketi. Na katika miaka ile ile, 1967 na 1968, Wamaasai wa mkoa wa Arusha walishurutishwa waache lubega na udongo mwekundu, wavae suruali. Msichana wa mjini alilaumiwa kwa kuwa amefuata mno mambo ya kigeni, na moran alilaumiwa kwa kuwa hakuyafuata kabisa. Wote wawili walihukumiwa kwa kitu ambacho wangekivua jioni.

Hukumu za namna hiyo hazikuishia Tanzania wala hazikwisha na miaka ile. Mwezi wa Januari 2019 msichana mmoja alijiunga na kidato cha kwanza katika shule ya sekondari huko Kibra, kwa miguu si mbali na soko letu. Alikuwa wa ukoo wenye imani ya Kirastafari, naye alikuwa na nywele zilizosokotana kama imani hiyo iagizavyo. Aliambiwa azinyoe ndipo aendelee na masomo. Baba yake alikwenda mahakamani, na mwezi wa Septemba mwaka ule ule Mahakama Kuu ya Nairobi, mbele ya Jaji Chacha Mwita, iliamua kwamba kumwondoa shuleni kwa sababu ya nywele za imani yake kulivunja haki zake. Kesi ile ilikuwa juu ya dini na elimu, wala haikuzifuta kanuni za nywele katika shule zote. Lakini ilitufundisha jambo kubwa: kwamba kinachoonekana machoni mwa mmoja kuwa ni urembo wa kupunguzwa chaweza kuwa, kwa mwenziwe, sehemu ya nafsi yake isiyofumulika.

Basi, msomaji wangu, huenda nawe unasoma katika shule inayokutaka unyoe nywele au uzifupishe, kwa kuwa shule nyingi za Kenya zina kanuni hiyo. Sikuambii uivunje. Kanuni ya usawa ina faida zake: huokoa muda wa kusoma, na huzuia tajiri asimfanye maskini aone haya kwa mtindo wa bei ghali. Wala sikuambii kwamba kila kanuni haina dosari, kwani umekwisha kuona kwamba mahakama nayo imeombwa kuzipima. Nakuambia jambo moja tu. Unapokwenda darasani umenyoa, usikubali mtu akuambie, wala usijiambie mwenyewe, kwamba umeacha uzuri wako nyumbani. Ulichoacha ni urembo, nao utaukuta utakaporudi.

Na siku utakapoupata uhuru wa kuchagua, chagua bila haya. Suka, funga kilemba, paka hina, nyoa, au fuga. Mlipe msusi haki yake bila kumwonea katika bei, kwa maana anakupa saa zake na macho yake, na vidole vyake vitauma usiku. Usimdharau kwa kudhani kwamba kazi yake ni ya upuuzi. Ni moja katika kazi kongwe za dunia, na ameirithi kwa watu waliojua kuandika kwa nywele kabla hawajajua kuandika kwa wino. Lakini kabla hujalipia chochote kinachouzwa kwa jina la urembo, iwe ni dawa, mafuta au mtindo, uliza swali la wasusi wa Soko la Kenyatta: hiki, nikikichoka, chaweza kufumuliwa? Ukijibiwa ndiyo, fuata moyo wako na mfuko wako. Ukijibiwa la, rudisha fedha zako mfukoni, ukafikiri kwanza ni nani aliyekuambia kwamba ulivyozaliwa hakutoshi.